Kustaki Cisco 2960-X: nyaya za SFP haziundi staki, na priority ipange kabla hujachomeka kebo

Mkuu umesema una swichi za mtandao za Cisco 2960-X tatu za poti 48, umeziunga kwa nyaya za SFP (zile za poti za mbele za kuungia swichi kwa swichi) ila kila moja bado inataka IP yake na ukitaka kubadili kitu lazima uingie zote tatu. Hapo hakuna staki, yaani swichi kadhaa zinazofanya kazi kama moja, hapo una swichi tatu zilizoungwa kawaida tu. Hizi zinastaki kwa moduli inaitwa FlexStack-Plus, inakaa nyuma, ina poti mbili na kebo zake maalum, na inauzwa pembeni, haiji na swichi. Geuza uangalie, ukikuta pamezibwa na kifuniko ujue huna. Na kabla hujaenda kuulizia bei soma modeli kwanza maana zile zinazoishia na LL hazistaki hata uzibembeleze, na XR haikai staki moja na X ya kawaida.

Ukishapata moduli usikimbilie kebo. Mimi nafunga mitandao ya maofisi hapa Dar na swichi nyingi ninazokutana nazo ni used, sasa used zina jambo moja watu wengi hawalijui, ukipiga amri ya write erase konfigi (mipangilio yake) inafutika lakini namba ya memba (namba ya swichi ndani ya staki) na priority (namba ya 1 hadi 15 inayoamua nani awe masta, yaani swichi inayoongoza staki) alizoweka mwenye nayo wa mwanzo vinabaki humohumo. Kwa hiyo unanunua swichi unajua ni tupu kumbe ina priority 15. Ukiichomeka kwenye staki inayofanya kazi huku imeshawaka, pande zote mbili zina masta, uchaguzi unapigwa, mwenye priority kubwa anashinda, na upande ulioshindwa unajirestart kisha unavaa konfigi ya mshindi. Na mshindi ni yule mgeni asiye na kitu. VLAN zote (mgawanyo wa mtandao) kwisha, simu hazipandi, wahasibu wanakupigia kelele saa nne asubuhi. Nimeshaitwa kuokoa jahazi la hivyo na kilichosaidia ni kwamba kuna mtu alikuwa na bekapu ya konfigi kwenye laptop yake.

Kwa hiyo kila swichi iwashe peke yake, ingia kwa konso (poti ya kuisimamia swichi moja kwa moja kwa kebo), piga show version na show switch. IOS (programu inayoendesha swichi) ziwe toleo moja, na leseni ziwe sawa. Kisha ile unayotaka iwe masta ipe switch 1 priority 15, ya pili ipe 14, ya tatu iache kwenye 1 ambayo ndiyo ya kiwandani, ila hakikisha kweli ni 1. Namba nazo zipange hapohapo, kwa mfano switch 1 renumber 2, halafu reload ndiyo inabadilika. Namba ina maana kubwa kwa sababu poti zinaitwa kwayo, Gi2/0/10 ni poti ya 10 ya memba wa 2, na mimi huwa nabandika stika kwenye raki kabisa ili atakayekuja baada yangu asikisie.

Sasa zima zote, funga kebo kwa mzunguko, ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, na ya tatu irudi kwa ya kwanza. Hiyo ya kurudi ndiyo mafundi wengi wanaiacha maana staki inapanda hata bila yake. Inapanda ndiyo, lakini zile 80 Gbps unabaki na nusu, na kebo moja ikichomoka staki inakatika vipande viwili vyenye IP ileile, hapo utatafuta mchawi mpaka jioni. Washa ya masta kwanza halafu hizo nyingine.

Hapo kwenye kuwasha kuna suala la umeme. Masta akishakaa hapinduliwi, hata aje mwenye priority 15 aliyechomekwa akiwa amezimwa, mpaka masta mwenyewe azimike au staki nzima irestart. Kama swichi ya masta iko kwenye UPS mbovu na nyingine ziko kwenye nzima, siku umeme ukikatika utakuta masta ni mwingine. Haina madhara, konfigi ni ileile, usianze kuhangaika kumrudisha mchana watu wakiwa kazini.

Uplinki (viungo vya kwenda swichi ya juu) usiziweke zote kwenye memba mmoja. Chukua Gi1/0/49 na Gi3/0/49, zote channel-group 1 mode active, na upande wa juu nako iwe LACP (njia ya kuunganisha viungo viwili viwe kimoja), memba mmoja akifa mwenzake anaendelea kubeba.

Kitu pekee kinachoniudhi kwenye staki ni kuapgredi IOS, ukireload zinaanguka zote kwa pamoja, kwa hiyo omba ruhusa ya usiku au Jumapili. Kama jengo lako haliruhusu hata dakika kumi za kukatika basi bora ubaki na swichi moja moja. Ukimaliza bandika hapa majibu ya show switch na show switch stack-ports tuone kama mzunguko umekamilika.