Kinaelea au kimeegemea?

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana anayefundisha Fizikia huko Singida. "Shikamoo madam. Nimeletewa mwanafunzi asiyeona, kidato cha pili. Na mimi nimeanza uzamili. Naomba unishauri, darasani nitumie programu gani, na tasnifu niandike kuhusu nini ili nimalize mapema?" Nilimwitikia marahaba, nikamwahidi kuandika kwa kirefu, kwa sababu si wa kwanza kuniuliza tangu nilipotetea tasnifu yangu mwezi uliopita. Ndiyo, nimeitetea na nimepita. Nimeingoja miaka mingi siku ya kuandika sentensi hiyo, mniache niifurahie.

Lakini siwezi kumshauri mtu bila kusema nilipokosea.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Agosti 2023. Kama unapenda sayansi unazikumbuka kelele zile. Tarehe 22 Julai watafiti wa Korea Kusini walikuwa wameweka mtandaoni andiko kuhusu kitu walichokiita LK-99, yaani apataiti (aina ya jiwe) ya madini ya risasi iliyotiwa shaba, wakidai kinapitisha umeme bila ukinzani wowote, bila chochote kuuzuia, hata kwenye joto la sentigredi 127. Upime uzito wa dai hilo. Heike Kamerlingh Onnes aliona ukinzani wa zebaki ukitoweka pale Leiden mwaka 1911, kwenye kelvini 4.2, yaani nyuzi 269 chini ya sifuri. Tangu hapo supakondakta, ndivyo vinavyoitwa vitu visivyo na ukinzani kabisa, zimekuwa vitu vya baridi kali. Hata zile za oksidi ya shaba, ambazo Bednorz na Müller walizifungulia mlango mwaka 1986 na kupewa Nobeli mwaka uliofuata, zilizo bora kati yake huhitaji angalau naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mashine ya MRI hospitalini, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ni ghali kuiendesha kwa sababu, pamoja na mengine, sumaku yake hukaa ndani ya heliamu ya kimiminika. Sasa unaambiwa kuna jiwe la kuweka mezani tu, bila kulipoza kwa lolote, likafanya kazi ileile! Sikulala. Bando la wiki nililimaliza kwa siku moja.

Kesho yake niliingia kidato cha pili na simu mkononi. Supakondakta hazimo kwenye muhtasari wa kidato hicho, lakini nilitaka watoto wajue kwamba Fizikia inaendelea kuandikwa wakiwa hai. Kulikuwa na video: kipande kidogo cheusi kimeinuka juu ya sumaku. Darasa zima likanizunguka, wengine wakapanda madawati.

Binti mmoja alibaki kwenye dawati lake na mashine yake ya nukta nundu. Haoni tangu utotoni. Nikamsimulia kwa sauti ili naye asipitwe: kuna kipande cha jiwe, kinaelea hewani juu ya sumaku.

Akauliza, "Madam, kinaelea au kimeegemea?"

"Kinaelea."

"Chote? Hakuna upande unaogusa?"

Nikaitazama tena. Ncha moja ilikuwa imegusa sumaku. Video ile nilikuwa nimeirudia usiku kucha na ncha hiyo sikuwa nimeiona. Na jibu nililompa linaniuma hadi leo: "Kinaelea. Tuendelee."

Haikupita wiki mbili dai lenyewe likaporomoka. Maabara za China, India, Marekani na Ulaya zilitengeneza kitu hicho na kukipima. Kule kuinuka upande mmoja kulitokana na usumaku wa kawaida. Kule kushuka ghafla kwa ukinzani kulitokana na uchafu wa salfaidi ya shaba uliobaki ndani ya sampuli, ambao hubadili umbo lake kwenye nyuzi 104 hivi. Watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Stuttgart walipokuza fuwele safi, isiyo na uchafu huo, walikuta haipitishi umeme. Na swali lililotenganisha ukweli na kelele lilikuwa lilelile la mtoto wa kidato cha pili: kinaelea au kimeegemea?

Nilirudi darasani nikaomba radhi mbele ya wote. Sijutii. Mwalimu anayeogopa kuomba radhi kwa watoto asifundishe sayansi, tafuta kazi nyingine.

Kisha nikaanza kufundisha upya, safari hii kwa mikono. Ukinzani niliueleza kwa kondakta wa daladala: gari limejaa, anajipenyeza kuchukua nauli, kila hatua anagongana na mtu, anatoka jasho. Elektroni, chembe zinazobeba umeme ndani ya waya, nazo hugongana hivyo, na lile jasho ndilo joto la waya. Halafu nikapiga misumari kwenye ubao, nikauinamisha, nikampa binti yule gololi. Akaiachia juu na kuipokea chini, akisikiliza ta-ta-ta ya misumari. Nikageuza ubao upande usio na misumari. Gololi ikateremka kimya. "Hapa kondakta kapata gari tupu," akasema, na darasa zima likaelewa, wanaoona na asiyeona. Najua ubao ule hauelezi elektroni zinavyotembea jozi jozi kwenye supakondakta, lakini ulitufikisha mlangoni.

Kilichonifungua macho zaidi kilikuwa sumaku. Nilimpa mbili za duara, nilizozitoa kwenye spika mbovu. Akaishika moja kwa kila mkono, akazielekezanisha nyuso zinazosukumana. Alikaa nazo muda mrefu, vidole vinacheza pembeni mwa ile ya juu. "Madam, hii inasukumwa, ila haitaki kutulia. Inatafuta njia ya kugeuka." Akaiachia kidogo. Ikapinduka, ikanasa.

Pale ndipo nilipoielewa vizuri kazi ya Meissner na Ochsenfeld ya mwaka 1933, niliyoikariri chuoni bila kuitafuna. Supakondakta huufukuza uga wa sumaku, yaani ile nguvu inayoizunguka sumaku, kutoka ndani mwake, na ndiyo maana sumaku ikiwekwa juu yake huelea imetulia. Sumaku mbili za kawaida haziwezi hivyo. Lazima moja ipinduke, au iegemee kitu. Kwa hiyo supakondakta hudaiwa ushahidi wa aina mbili: ukinzani ufike sifuri, na uga wa sumaku ufukuzwe. Ukileta mmoja tu hujamaliza.

Mwaka uleule wa LK-99, 2023, gazeti la sayansi la Nature liliifuta makala nyingine, ya hidridi ya luteti (metali ya luteti na hidrojeni), iliyodai supakondakta kwenye joto la nyuzi 21, ikiwa imebanwa kwa mkandamizo. Ilitoka Machi, ikafutwa tarehe 7 Novemba, na 8 kati ya waandishi wake 11 ndio walioomba ifutwe. Jina la gazeti si ushahidi, mwalimu mwenzangu. Narudia: jina la gazeti si ushahidi.

Sasa nifike kwenye kidonda. Januari 2024 wanafunzi walipopangiwa michepuo ya kidato cha tatu, binti yangu alipelekwa masomo ya sanaa. Nilikwenda ofisini kuuliza. Mkubwa mmoja, simtaji, akanijibu bila kuinua kichwa: "Asiyeona atafanyaje vitendo vya maabara? Tusimtese mtoto. Shule yetu ni jumuishi, kila mtu anajua." Nje kulikuwa na ubao uliopakwa rangi unaosema hivyo hivyo. Nilikuwa na sumaku mfukoni. Ningeweza kuzitoa mezani nikamwambia, fumba macho ushike. Nikasema "sawa mkuu", nikatoka. Binti amemaliza kidato cha nne bila Fizikia. Nimesherehekea tasnifu yenye matunda ya swali lake, na yeye hakuwa na karatasi ya Fizikia kwenye mtihani. Watu wananipongeza, nami napokea, lakini sijalisahau hilo.

Kwa hasira ile nikaandika pendekezo la kwanza la utafiti, na lilikuwa bovu. Nilitaka kuonyesha kwamba elimu jumuishi, ya wenye ulemavu na wasio nao kusoma pamoja, inakwenda vizuri shule fulani na vibaya nyingine, na kipimo changu kilikuwa idadi: wangapi wenye ulemavu wameandikishwa, wangapi wanahudhuria. Msimamizi wangu alisoma kurasa tatu akafunga. "Umehesabu viti," akaniambia. Nililia kwenye basi, kwa sababu alikuwa sahihi, nami nilikuwa nimefanya kosa la LK-99 kwa mara ya pili. Kuandikishwa ni ncha moja iliyoinuka.

Wanaosoma elimu jumuishi wanajua kwamba mtafiti Mel Ainscow na wenzake wamesema kwa miaka mingi kuwa kuwepo shuleni ni theluthi tu ya jambo. Yapo pia kushiriki na kufaulu. Tamko la kimataifa la Salamanca la mwaka 1994 liliziambia shule za kawaida zimpokee kila mtoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Karatasi tunazo. Swali ni nini kinatokea kati ya kengele na kengele.

Kwa hiyo nilibadili kipimo. Nilikaa nyuma ya madarasa ya Sayansi na daftari, nikihesabu vitu viwili tu: mara ngapi mwanafunzi asiyeona ameulizwa swali, na mara ngapi mkono wake umegusa kifaa. Kipindi cha kwanza, pacha, dakika 80, kijana mmoja alikaa wima mstari wa mbele, kimya, vidole juu ya dawati tupu, huku mwalimu akisema "kama mnavyoona hapa" na kuandika ubaoni. Maswali sifuri. Vifaa sifuri. Kwenye rejesta alikuwepo. Mwalimu yule si mtu mbaya. Aliniambia hajawahi kufundishwa namna ya kumfundisha, na ninamwamini. Ila asingejua kama nisingemwonyesha daftari. Kipindi kilichofuata alimpa kijana yule mizani ashike, akamuuliza, akajibiwa.

Basi kijana wangu wa Singida, nikujibu. Tasnifu usiichague kwa haraka ya kumaliza. Chagua swali ambalo mwanafunzi wako amekuuliza ukashindwa kulijibu, kisha lipime kwa njia mbili. Ukipata jibu zuri kwa njia ya kwanza, usitangaze; nenda kwa ya pili. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen nchini China walipotangaza Julai 2023, siku chache kabla ya kelele za LK-99, kwamba nikeleti ya lanthani (oksidi ya nikeli na lanthani) huwa supakondakta karibu na kelvini 80, ilibidi waibane kati ya almasi kwa zaidi ya mara 130,000 ya mkandamizo wa hewa, na ukinzani haukufika sifuri kwenye kipimo chao cha kwanza. Hawakupiga kelele. Kikundi kingine kikaboresha namna ya kubana, sifuri ikaonekana. Mwisho wa 2024 na mwanzo wa 2025 vikundi vya Marekani na China vikaonyesha tabaka nyembamba za nikeleti hiyo zikianza kuwa supakondakta bila kubanwa, karibu na kelvini 40. Utafiti wenye afya huenda hivyo, mmoja anapima na mwingine anapima tena. Wewe je, nani mwingine amekipima unachokisema kuhusu darasa lako? Mwalimu wa elimu maalumu ameliona? Mwanafunzi mwenyewe umemuuliza?

Muulize mwanafunzi mwenyewe. Nalirudia hili kwenye kila semina na walimu wananiambia nimezidi, lakini vikao vinakaliwa juu ya watoto hawa, fomu zinajazwa, na hakuna aliyemgeukia mtoto akamuuliza, wewe hapa unapata nini. Ukisema "kama mnavyoona", acha katikati ya sentensi, taja kwa maneno kilichopo ubaoni. Ukileta kifaa, kianzie mikononi mwake, si kimfikie wakati kengele inalia.

Kuhusu programu, sina ya kukupa kwa sasa. Nenda kwa fundi redio hapo mjini, mwombe sumaku mbili za spika zinazolingana ukubwa. Wangu alinipa bure. Kabla ya kumkabidhi mwanafunzi wako, pitisha kidole chako pembeni pote, na palipobaki kipande cha bati pasugue kwa tupa ya fundi, maana kingo zake hukata.