Guangzhou si Xiaobei peke yake

Wengi wetu tunaokwenda Guangzhou tunafuata mzigo. Mtu anashuka kwenye ndege, anapokewa na ajenti, anapelekwa hoteli ya Xiaobei, mtaa wanakofikia Waafrika wengi, na kuanzia hapo ni masoko ya jumla, kupiga hesabu za CBM (mita za ujazo za mzigo) na kuuliza kontena linafungwa lini. Usiku anakula wali na kuku mtaani hapohapo, analala. Akirudi Kariakoo anasema China anaijua. Mimi nakushauri uutengee mji siku moja nzima, na uianze mapema, maana utamu wa Guangzhou uko asubuhi.

Wenyeji wana desturi ya kwenda mkahawani kunywa chai, na chai yenyewe ni kisingizio tu. Nenda upande wa magharibi, wilaya ya Liwan, uingie mkahawa uliojaa wazee na magazeti yao. Utaletewa birika na vikombe. Chai ya kwanza usiinywe, suuzia vikombe na vijiti, kisha mwaga kwenye bakuli lililowekwa kwa kazi hiyo. Jirani akikumiminia chai, gonga meza polepole kwa vidole viwili: ndiyo asante yao. Maji yakiisha, egesha kifuniko cha birika upande, mhudumu ataelewa bila kuitwa.

Vyakula vinakuja vidogovidogo ndani ya vikapu vya mianzi, moshi ukifuka. Agiza cheung fun ya kamba, chapati laini ya unga wa mchele iliyokunjwa na kumwagiwa mchuzi wa soya. Miguu ya kuku usiikimbie. Hukaangwa kwanza, kisha ikapikwa kwa mvuke mpaka ngozi inaachana na mfupa yenyewe. Kwa asiyekula kitimoto, tahadhari: zile mandazi nyeupe za char siu ndani ni kitimoto, siu mai, vile vifurushi vya unga vilivyojazwa nyama, nayo kwa kawaida imo, na hata vya kamba vingine hutiwa mafuta yake. Kama hutaki wasiwasi, tafuta duka la tambi za Lanzhou, la Waislamu wa kaskazini-magharibi. Yapo kila kona. Fundi anauvuta unga kwa mikono, anaukunja, anaubamiza mezani, anauvuta tena, na kabla hujamaliza kushangaa bakuli la tambi na mchuzi wa ng'ombe liko mbele yako.

Ukishashiba, tembea. Jumba la ukoo wa Chen, lililokamilika mwaka 1894, lina paa lililosheheni sanamu ndogondogo za watu, ndege na maua; simama uani uangalie juu, usiharakishe. Toka hapo uende msikiti wa Huaisheng, mmoja wa mikongwe kabisa China. Mnara wake mweupe una urefu wa mita 36 hivi, na inasimuliwa kwamba zamani uliongoza vyombo vilivyoingia mtoni. Ikiwa ni Ijumaa, ni bora uswali kwenye msikiti wa Abi Waqqas, karibu na bustani ya Yuexiu. Mapokeo ya Waislamu wa huko yanasema sahaba Saad bin Abi Waqqas ndiye aliyezikwa pale. Utakuta Waafrika, Waarabu na Wachina safu moja, na nje mishikaki ya kondoo inachomwa.

Mnara wa Canton, jina la zamani la Guangzhou, una mita 600, na kila mtu atakwambia upande. Mimi sioni haja. Usiku panda feri ya kawaida ya abiria kwenye mto Zhujiang, nauli yake ni yuan chache tu, uuone mnara ukibadilisha rangi huku upepo unakupiga. Boti za watalii zinakupitisha mto uleule kwa bei kubwa zaidi.

Simu ndiyo pochi yako huko. Weka Alipay, programu ya kulipia kwa simu, na uunganishe kadi yako ya benki kabla hujaondoka nyumbani, maana wauzaji wengi wamezoea kuskani, noti ukiwapa wanahangaika na chenji. WhatsApp na Google zimefungwa, kwa hiyo familia waeleze mapema. Kwenye teksi muonyeshe dereva anwani iliyoandikwa Kichina.

Kuhusu msimu, maonyesho makubwa ya biashara ya Canton Fair huwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa 4 na wa 10, na vyumba vya hoteli hupanda bei ajabu. Mei na Juni mvua haina adabu. Kama mzigo unaweza kusubiri, nenda katikati ya Novemba.