Ratiba kwanza, vifaa baadaye: kusomesha watoto nyumbani kwa bajeti ndogo

Mzazi anayeanza kusomesha watoto nyumbani mara nyingi hukimbilia kutafuta shughuli. Anakusanya michezo ya kila aina, anachapisha karatasi za mazoezi, ananunua seti ya majaribio ya sayansi inayotumika siku moja kisha inaishia kabatini. Haupiti muda, hela imekata, mawazo yamekata, na watoto wameshazoea kuuliza kila asubuhi, "Leo kuna nini kipya?" Kwa familia inayobana matumizi nina ushauri mmoja, na yote yatakayofuata yanatoka humo: chagueni vitu vichache vya bure, mvifanye vile vile kwa muda mrefu. Mtoto hujifunza anapokirudia kitu mpaka anaanza kuona kinavyobadilika, na kurudia huko hakudai kununua chochote.

Nianze na ratiba, maana bila hiyo hata shughuli nzuri hupotea. Ratiba ya nyumbani kwetu tumeifunga kwenye mambo ambayo yangefanyika hata kama watoto wangekuwa likizo: kuamka, kula, kuosha vyombo, jua kufika utosini, giza kuingia. Wakishamaliza kifungua kinywa na vyombo vikiwa safi, hesabu. Baada ya hesabu, kusoma na kuandika. Kabla ya chakula cha mchana tunatoka nje. Baada ya chakula ni saa ya utulivu, jioni ni kazi za nyumba, na kabla ya kulala nawasomea kwa sauti. Mtoto mdogo akiamka na homa au mgeni akibisha hodi asubuhi, mambo yote yanasogea mbele kwa mpangilio ule ule, wala hakuna anayesema siku imeharibika. Ratiba ya kufuata dakika za ukutani ingekuwa imeshavunjika kabla jua halijapanda.

Vipindi viwe vifupi. Kwa mtoto wa miaka sita au saba, dakika kumi na tano hadi ishirini za hesabu akiwa makini zinatosha. Ukiwa na mwanafunzi mmoja au wawili huhitaji muda wa darasa zima, kwa sababu hakuna kuita majina wala kusubiri wengine wamalize.

Hiyo saa ya utulivu naitetea kwa nguvu zangu zote. Kila mtu anakaa kivyake na kitabu, kalamu za rangi au kitu cha kuunda, na mzazi naye anapumzika. Wazazi wengi tukipiga hesabu ya gharama tunahesabu vitabu na daftari tu, tunasahau nguvu zetu wenyewe. Mzazi aliyechoka ndiye anayenunua njia za mkato: programu ya kulipia, midoli ya kuwanyamazisha, chakula cha kuagiza kwa sababu hakuna aliyepika. Saa moja ya kimya imetuokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote la bei.

Sasa tutoke nje. Kama ningeambiwa nichague kifaa kimoja tu cha sayansi, ningechagua kijiti. Kichomeke ardhini kisimame wima mahali penye jua, au kisimamishe kwenye kopo lenye mchanga kama mnaishi ghorofani. Kila baada ya nusu saa mtoto anaweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli. Ifikapo alasiri mna msitari wa vijiwe, na maswali yanaanza yenyewe. Kijiwe kipi kiko karibu zaidi na kijiti? Hicho ndicho kinachoonyesha jua lilipokuwa juu kabisa kwa siku hiyo. Binti yangu aliangalia saa, akaangalia vijiwe, akaniambia, "Mama, saa sita imekosea." Alichokuwa amegundua ni kweli: saa zetu hufuata kanda ya saa inayotumiwa na nchi nzima, wakati jua hufuata mahali ulipo hasa, hivyo kivuli kifupi kabisa mara nyingi hakiangukii saa sita kamili. Sikumfundisha hilo kitabuni. Tulipolisoma baadaye alikuwa na hamu nalo, kwa sababu lilikuwa swali lake.

Msiking'oe kijiti hicho. Rudieni zoezi hilo hilo baada ya mwezi, kisha mwezi mwingine, na mpime kwa rula urefu wa kivuli kifupi kuliko vyote. Urefu utabadilika, na hapo ndipo pa kuzungumzia mwinamo wa dunia na majira ya mwaka. Watoto wakubwa wanaweza kwenda hadi kwa Eratosthenes, mwanazuoni wa Kigiriki aliyeishi Alexandria, Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alijua kwamba kuna siku ambayo jua la adhuhuri huwa utosini kabisa kule Syene, mji unaoitwa Aswan leo, kiasi kwamba vitu vilivyosimama wima havina kivuli. Siku hiyo hiyo kule Alexandria kivuli kilikuwepo, kikionyesha pembe ya nyuzi kama 7.2, yaani sehemu moja ya hamsini ya duara. Akachukua umbali kati ya miji hiyo miwili, akauzidisha mara hamsini, akapata mzingo wa dunia. Somo la pembe, sehemu na kuzidisha, na kifaa ni kile kile kijiti.

Mwezi nao ni wa bure. Mtoto anauchora kila usiku unapoonekana, na baada ya siku kama 29 na nusu umbo linarudi lilikoanzia. Mwambieni aandike pia saa unapochomoza. Atakuta kwa wastani unachelewa dakika kama 50 kila siku. Mvua ikinyesha, kopo lenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha kuipima. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji, kwa hiyo milimita kumi juu ya paa la mita za mraba 50 ni lita 500. Kijana wangu alipopata jibu hilo alitoka kwenda kuliangalia paa. Radi ikipiga, hesabuni sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Zoezi hilo mlifanyie ndani ya nyumba.

Kuna jambo moja zaidi ninalolipenda sana kwa siku za kushinda ndani: uzi na jiwe. Fungeni jiwe kwenye uzi, mlining'inize, mlibembeze kidogo, kisha mpime kwa saa ya simu muda wa kwenda na kurudi mara kumi, mgawanye kwa kumi. Waulizeni kwanza: jiwe zito litabembea haraka zaidi? Wangu wote walisema ndiyo, na mkubwa alikuwa tayari kubishana. Tukabadilisha mawe, muda ukabaki ule ule. Tukafupisha uzi, muda ukapungua. Uzi wa mita moja huchukua sekunde kama mbili kwenda na kurudi. Ukiukata hadi robo ya urefu huo, sentimita 25, unapata sekunde moja. Robo ya urefu, nusu ya muda. Waacheni wahangaike na hilo bila kuwapa jibu haraka. Mkubwa wangu alirudi kwenye uzi wake kwa hiari yake, na daftari lake limejaa majedwali ambayo sikumwagiza.

Hapo mtaona faida nyingine ya kufanya mambo machache: kitu kimoja kinatosha watoto wa umri tofauti. Mdogo anahesabu mizunguko, wa kati anagawanya, mkubwa anachora grafu. Mzazi anaandaa mara moja tu.

Kwa mambo ya kukariri, kama jedwali la kuzidisha, tahajia na miji mikuu, tunatumia boksi la viatu na kadi zilizokatwa kwenye karatasi zilizotumika upande mmoja. Boksi limegawanywa vyumba vitatu. Kadi ambayo mtoto ameijibu sawa inasogea chumba cha mbele, ambacho hurudiwa mara chache zaidi. Aliyoikosa inarudi chumba cha kwanza, cha kila siku. Msingi wake ni wa zamani: mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, yakionyesha tunavyosahau na jinsi marudio yaliyoachanishwa kwa siku yanavyoshinda marudio yaliyorundikwa pamoja. Boksi moja limetutosha miaka na miaka.

Vitabu tunaazima maktaba, na kwa familia nyingine zinazosomesha nyumbani tunabadilishana vile ambavyo watoto wameshavipita kwa umri. Kubadilishana ujuzi kuna faida hata zaidi. Mzazi mwenzetu anayejua kushona anawakalisha wote mchana mmoja, nami nawachukua wake kwa hesabu. Hakuna anayelipa, na watoto wanapata wenzao wa kucheza nao, jambo ambalo ratiba ya nyumbani lazima ilitengee nafasi makusudi. Kwa upande wa intaneti, Project Gutenberg, iliyoanza mwaka 1971, ina maelfu ya vitabu vya zamani vya bure. Ukivipakua mara moja vinasomeka bila bando.

Msiwafiche watoto bajeti. Mkubwa wetu ndiye anayejumlisha matumizi ya wiki, na kila mtoto ana haki ya kupendekeza matumizi ya kile kilichobaki. Wamejifunza desimali na asilimia humo, na maombi ya midoli yamepungua bila ugomvi kwa sababu wanaona wenyewe kilichopo.

Jioni, dakika tano, kila mtoto anaandika au kuchora alichofanya siku hiyo kwenye daftari moja lenye tarehe. Sheria zinatofautiana mno: Ujerumani kusomesha nyumbani hakuruhusiwi isipokuwa kwa nadra sana, Ufaransa tangu 2022 familia inahitaji kibali kwanza, na kwingine utatakiwa kujisajili au kuonyesha kumbukumbu. Ulizeni sheria ya mahali mlipo kabla ya kuanza, na daftari hilo litawasaidia siku mtakapotakiwa kueleza watoto wanasoma nini.

Zitakuja wiki za ugonjwa, za msiba, za kuhama nyumba. Wiki hizo tunabakiza vitu viwili tu, boksi la kadi asubuhi na kusoma kwa sauti usiku. Mengine tunayarudisha moja moja, tukianza na hesabu.