Naendesha Boxer 150 Rungwe, na sababu kubwa ni mteremko

Wakuu salaam. Mdau aliyeuliza anahamia Tukuyu, hapa Rungwe mkoani Mbeya, kikazi, anataka kila mmoja aseme anaendesha pikipiki gani na kwa nini. Yeye mwenyewe yuko njia panda: Boxer 150, TVS HLX 125, au Yamaha DT 125 ya zamani ambayo ndugu yake anamwachia kwa bei ya undugu. Nimesoma majibu yote kwa makini. Wengi mmemwambia achukue yenye nguvu kwa sababu huku kwetu ni milima mitupu. Naomba nitofautiane nanyi kwa heshima. Huku pikipiki ichaguliwe kwa jinsi inavyoshuka. Injini ikishindwa mlima, utateremka utasukuma. Ikikushinda kwenye mteremko, hakuna cha kusukuma.

Mimi ni mtaalamu wa mifugo na kazi yangu kubwa ni uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe wa maziwa kwa mbegu zilizogandishwa. Naishi Kiwira. Wateja wangu wametapakaa kuanzia Isyonje kule kwenye baridi, Katumba, Mwakaleli, mpaka huku chini unapoanza kunusa joto la Kyela. Kazi hii haina "nitakuja kesho kutwa". Mfugaji akimwona ng'ombe wake ameingia joto, yaani yuko tayari kupandwa, asubuhi, natakiwa niwe nimefika jioni. Akimwona jioni, nifike asubuhi inayofuata. Nikichelewa anasubiri siku 21 nyingine, na hizo zote ni siku za kulisha ng'ombe asiye na mimba. Kwa hiyo mvua inyeshe, ukungu utande, mimi niko barabarani.

Naendesha Boxer BM 150, ya kabureta, breki za ngoma mbele na nyuma. Nianze na hilo la nguvu ambalo mmelisema sana.

Ni kweli milima inakula nguvu, ila mwinuko wenyewe ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni hewa. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, injini inavuta hewa kidogo kuliko ile iliyopangiwa. Kwa hesabu ya haraka unapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kitulo, ule uwanda wa juu milimani, iko kwenye mita 2,600, maana yake robo ya nguvu uliyolipia dukani haipo ukifika kule, iwe pikipiki ya cc 125 au 250. Na ya kabureta inaongeza tatizo: hewa imepungua lakini petroli inamiminwa karibu ile ile, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inajaa masizi meusi, pikipiki inakohoa. Wageni wanakimbilia kusema injini imechoka. Fundi wa Isyonje atakushushia sindano ya kabureta pini moja ili petroli ipungue, atakusafishia plagi, unaondoka. Hapo ndipo cc 150 inanitosha: nguvu iliyopungua nairudisha kwa gia, na mzigo wangu si gunia tatu za viazi.

Sasa mteremko. Kutoka Tukuyu kwenda Kyela unapoteza karibu mita 1,000 za kimo, na barabara ile unashirikiana na malori yanayokwenda mpakani Kasumulu. Ukitokea upande wa pili, Chimala kwenda Matamba, kuna kona 57 zinazojulikana nchi nzima. Kwenye miteremko ya aina hii breki ya ngoma ukiishikilia mfululizo inapata moto, na ngoma ikipata moto inatanuka, inajitenga na shuu zake, yale mapande ya ndani yanayoikandamiza. Unavuta mkono wa breki, unakuja mpaka karibu na mshikio, na pikipiki bado inakwenda. Harufu yake ukiinusa mara moja hutaisahau, kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Diski inavumilia zaidi kwa sababu inapoa haraka, lakini nayo ikishikiliwa kwa kilomita nyingi mafuta yake yanachemka.

Kinachokushusha salama ni injini yenyewe. Ukiweka gia ya pili na kuachia mafuta, yaani kufunga mkono wa petroli, pistoni inafanya kazi ya kuvuta hewa mahali palipozibwa, na upinzani huo ndio unaoshika gurudumu la nyuma. Breki unazigusa tu kabla ya kona, unaachia, zinapoa. Injini ya mipigo minne (four-stroke), kama ya Boxer, inafanya hivi vizuri sana. Ya mipigo miwili (two-stroke) inafanya kidogo sana.

Hapo ndipo nakuja kwenye DT ya ndugu yake mdau. Naiheshimu sana pikipiki ile. Imebeba mapadri, manesi wa chanjo na mabwana shamba wa mikoa hii kwa miaka mingi, ni nyepesi, ni ndefu, kwenye njia ya ng'ombe haina mpinzani. Lakini ni ya mipigo miwili. Ukiachia mafuta kwenye mteremko inateleza karibu sawa na iliyowekwa nyutro, kazi yote inabaki kwa breki. Tena kwenye injini hizi oili ya kulainisha inaingia pamoja na petroli, hivyo ukifunga mafuta kwa muda mrefu huku magurudumu yanazungusha injini kwa kasi, pistoni inaweza kukosa oili ya kutosha. Wazee waliozizoea wanachapa mafuta kidogo kila baada ya kona ili injini ipate oili. Mtu anayejua hivyo atadumu nayo. Mgeni wa Tukuyu, msimu wa mvua, usiku, mzigo nyuma? Hapana, mdau. Mshukuru ndugu yako na umwambie apate mnunuzi mwingine.

Nikiwa hapo hapo, hii tabia ya vijana wetu kuweka nyutro na kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa petroli inaniumiza. Ukishaweka nyutro umeitupa breki kubwa kuliko zote ulizonazo, na kinachookolewa ni petroli ya vijiko vichache. Nimesimama mara nyingi kwenye vijiwe vya Kiwira nikiwaambia, na nitaendelea kuwaambia, kwa sababu wale ndio wanaobeba mama zetu kwenda kliniki.

Kitu kimoja nimebadilisha kwenye Boxer yangu, nacho ni sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na cheni: nimeweka yenye meno mawili zaidi. Kwenye lami ya moja kwa moja injini inapiga kelele mapema na mwendo wa juu umepungua, petroli imepanda kidogo. Sijali. Kupanda na mzigo nabaki gia ya pili badala ya kushuka ya kwanza, na kushuka gia hiyo hiyo ya pili inanishika kama inavyotakiwa. Kwa mtu wa Rungwe naona ni pesa iliyotumika vizuri kuliko ekzosi ya kelele na taa za rangi. Ukibadilisha, badilisha na cheni pamoja na sproketi ya mbele, seti nzima, maana cheni ya zamani itaitafuna mpya.

Sababu yangu ya pili ni mtungi. Mbegu zinakaa ndani ya naitrojeni kimiminika yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri, kwenye mtungi wa shingo nyembamba ambao kizibo chake hakikazwi, kwa sababu gesi lazima ipate pa kutokea. Maana yake mtungi hautakiwi kulala, wala kurushwarushwa. Naubeba ndani ya boksi la mbao lililozungushiwa sponji, boksi limefungwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu, pande nne. Nikipita bonde baya naangalia kwenye kioo cha pembeni: nikiona moshi mweupe unachungulia shingoni kwa wingi, najua nimekimbia kupita kiasi na naitrojeni yangu inapotea. Shokapu za nyuma za Boxer, zile za springi ndani ya springi, zinanibebea mtungi huu vizuri. Na kiti chake ni cha chini. Watu wanapenda pikipiki ndefu kwa milimani, lakini kwenye tope la udongo mweusi wa Mwakaleli unachohitaji ni miguu yote miwili ifike chini, na gambuti zako zishike ardhi, wakati gurudumu la nyuma linatafuta njia yake.

Tope lenyewe linataka maneno yake. Tukuyu inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hakuna msimu utakaosema sasa njia za vijijini zimekauka kabisa. Tairi za lami alizokuja nazo mtu kutoka Dar zitamwangusha wiki ya kwanza. Weka zenye meno makubwa angalau nyuma, na punguza upepo kidogo ukiacha lami. Tope pia linaingia kwenye ngoma za breki, kwa hiyo fungua, futa, piga msasa shuu kila unapofanya sevisi. Kazi ya nusu saa kwa fundi yeyote.

Spea ndiyo sababu iliyobaki, na sitaizungusha. Kebo ya klachi ya Boxer naipata Kiwira, Katumba, Tukuyu, hata kwenye kibanda kinachouza sabuni na vocha. Kabla ya hii nilipewa Honda XL 125 ya mradi fulani, injini tamu ya mipigo minne, imara kwelikweli, lakini kifaa kikiharibika unaagiza na unasubiri. Ng'ombe aliyeingia joto hasubiri.

TVS HLX 125 sina ugomvi nayo hata kidogo. Ni mipigo minne, spea zake zimeenea, inakula petroli kidogo, na wenzangu wa Mbalizi na Uyole wanaifurahia. Kama mdau atakuwa peke yake, kazi za ofisini, safari za Tukuyu mjini na mara moja moja Mbeya, ambako ni kama kilomita 70 za lami, aichukue na asijute. Kama atabeba mtu au mzigo kwenda vijijini, Boxer 150.

Yoyote utakayoamua, usiinunue kwa kuijaribu kwenye uwanja wa duka. Mwombe muuzaji akuruhusu, mpandishe fundi unayemwamini nyuma kama mzigo, tafuta mteremko mrefu, weka gia ya pili, achia mafuta, usiguse breki. Sikiliza. Ikikushika bila kugonga na bila cheni kuruka, injini na sproketi ziko salama. Kisha shika breki ya mbele kwa nguvu mwendo ukiwa mdogo, uone kama usukani unavuta upande.

Na ikiwa ni ya mkononi, hakikisha namba ya chasisi na ya injini zinalingana na kadi, na uhamisho wa umiliki TRA ukamilike kabla hujamalizia hela ya mwisho.