Maswali ya Wasomaji: Galaksi mbili katika kundi la nyota la Kunguru

SWALI: Ndugu mhariri, nina darubini yenye kioo cha milimita 150. Nimezitafuta galaksi mbili zinazogongana, NGC 4038 na NGC 4039, nikiwa uani kwetu Katuba, nisione chochote. Je, ninunue darubini kubwa zaidi?
Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Ndugu yetu, zuia fedha zako kwanza. Darubini hiyo inatosha. Kinachokushinda ni taa za mji. Mwangaza wa jozi hiyo ni wa daraja la 10 na nusu hivi (namba ya daraja ikizidi, mwanga huwa hafifu zaidi), tena haukukusanyika mahali pamoja kama wa nyota bali umetandazwa, hivyo anga likipauka kidogo tu, humezwa. Kioo kikubwa kikiwekwa uani hapo hapo kitakusanya na mwanga wa taa vilevile. Umeme ukikatika mtaani, jambo tunalolinung'unikia sote, toka nje upesi na darubini yako. Ila heri zaidi kwenda shambani, mbali na mji, na kuyaacha macho yazoee giza kwa nusu saa bila kuwasha simu.

Mahali tulipo panatupendelea. Mwanaastronomia William Herschel, aliyeigundua jozi hii mwaka 1785 akiwa Uingereza, hakuweza kuiona ikipanda zaidi ya digrii 20 hivi kutoka upeo wa macho, ilhali hapa Lubumbashi jozi hupita karibu na utosi. Katikati ya Mei hufika huko mnamo saa mbili na nusu usiku, mvua zikiwa zimekwisha na moshi wa nyika zinazochomwa ukiwa haujatanda. Kama darubini yako ni ya Dobson, yaani ile inayokaa juu ya kitako cha kuzungusha kwa mkono, anza saa nzima kabla, kwa sababu ni shida kuigeuza ikielekea juu kabisa.

Kutoka Gienah, mojawapo ya nyota nne kuu za Kunguru, sogea digrii 3 na nusu magharibi, ukielekea kusini kidogo. Nyota 31 Crateris, ambayo gizani huonekana kwa macho matupu, iko kusini mwa jozi kwa chini ya digrii moja. Ukuzaji wa mara 80 hadi 100 wafaa. Usikodolee pale pale. Tazama kando kidogo, kwa kuwa sehemu ya jicho inayohisi mwanga hafifu haiko katikati. Mikia mirefu ya nyota inayoonekana kwenye picha za jozi hii hutaiona: utaona doa la kijivu lililopinda kama koma, na hilo si haba.

Ukiwa bado na shaka na darubini yenyewe, ijaribu kwa galaksi M104, ya daraja la 8, inayopita utosini hasa mwa Lubumbashi. Ukiipata hiyo, kioo chako ni kizima.