Suzuki Swift Sport ya 2012: manyuali au otomatiki?

Chukua manyuali, kama ni hiyo yenye namba ya chesisi inayoanza na ZC32S. Injini yake ni ya lita 1.6 isiyo na tabo (turbo), na nguvu zote (136 hp) zinakuja mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ukiwa karibu na 6,900. Giaboksi ya gia 6 inakuwezesha kuishikilia huko juu. Otomatiki yake ni CVT. Ina vibonyezo vya usukani na "gia" 7, lakini hizo ni za kuigiza tu, ndani ni mkanda wa chuma na puli mbili. Ukikanyaga mafuta, injini inalia kwanza, gari linafuata baadaye.

CVT pia haisamehe oili. Fundi akiweka ATF (oili ya otomatiki za kawaida) badala ya oili ya CVT, mkanda unaanza kuteleza na puli zinachubuka, na hapo wengi huishia kubadilisha giaboksi nzima. Kwa manyuali, kinachochoka zaidi ni klachi.

Kabla ya kulipa, ijaribu: gia ya 4, spidi 50, kanyaga mafuta hadi mwisho. RPM ikiruka na spidi imelala, klachi imekwisha, kwa hiyo omba upunguziwe gharama ya seti nzima ya klachi: pleti, presha pleti na beringi.

Ila kama kila siku uko kwenye foleni, ongeza hela utafute Swift Sport iliyofuata, ZC33S (kuanzia 2017). Otomatiki yake ni ya kweli, gia 6, na tabo inatoa toki (nguvu ya kuvuta) ya Nm 230 kuanzia RPM 2,500. Hiyo hata otomatiki inakimbia vizuri.