Paulo Hakuwa Kalamu: Maswali Yenu Kuhusu Uvuvio na Hiari

Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu imebishana: kama Mungu ndiye mwandishi wa Biblia, Paulo alikuwa kalamu tu? (Mkatekista, Newala)

Milele na milele, amina. Mwalimu, swali lako ni la uvuvio, yaani jinsi Mungu alivyowaongoza waandishi wa Biblia. Fungua Wakorintho wa Kwanza, sura ya 1, aya ya 14 hadi 16. Paulo anasema hakumbatiza mtu pale ila Krispo na Gayo. Mara anajirudi: na watu wa nyumbani kwa Stefana pia, zaidi ya hao hakumbuki. Kalamu haisahau. Huyo ni binadamu, jina limemjia baadaye, na Roho Mtakatifu hakuifuta ile aya. Naye aliyeandika Makabayo cha Pili anasema waziwazi kazi ilimtoa jasho na kumkesha, na mwishoni anaomba radhi kama hakuandika vizuri.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulisema hivyo mwaka 1965: Mungu aliwachagua watu wakatumia akili na uwezo wao, wakawa waandishi wa kweli. Wengine hutoa mfano wa mchongaji wa Kimakonde na patasi yake. Mfano huo haunitoshi, maana patasi haina utashi.

Mungu anajua tangu milele kama kesho nitaiba korosho za jirani. Nikiiba, kosa langu liko wapi? (Kijana, Masasi)

Mwanangu, mama yako akikuona dirishani umejitwisha gunia la korosho za jirani, macho yake hayakukutwisha. Kujua si kusukuma.

Ugumu uko kwenye neema, kwa kuwa Mungu hatutazami tu, anatenda ndani yetu. Báñez, mtawa wa shirika la Wadominikani, alisema Mungu mwenyewe huusogeza utashi wetu, nao ukachagua kwa uhuru. Molina, mtawa wa shirika la Wajesuiti, katika kitabu chake cha mwaka 1588, alisema Mungu anajua kila mmoja angechagua nini katika kila hali, na hutoa neema akijua hivyo. Mimi naegemea kwa Molina. Lakini hofu ya Báñez naielewa: asije mtu akajisifia wokovu kama mavuno ya shamba lake.

Na Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulishasema: dhambi ilidhoofisha hiari, yaani uhuru wetu wa kuchagua, haikuizima.

Kwa nini unachanganya uvuvio na hiari? (Lindi mjini)

Sikuanza mimi. Mwaka 1587 wanateolojia wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji ya leo, walilaani hoja 34 za Wajesuiti wa huko, akiwemo Lessius: baadhi zilihusu Maandiko, nyingine neema. Lessius alikataa kwamba kila neno lazima liwe limevuviwa peke yake. Mimi naona kwamba swali ni moja: Mungu anafanyaje kazi ndani ya mtu bila kumvunja? Luka anasema alichunguza habari zote kwa makini kabla ya kuandika. Uchunguzi ule ulikuwa wake, na Injili ni ya Mungu.

Mimi na kaka yangu hatusalimiani kwa sababu ya Molina na Báñez. Papa aliamua nani mkweli? (Nyangao)

Hakuamua. Klementi wa Nane aliunda tume, vikao vikaendelea miaka. Mwaka 1607 Paulo wa Tano aliruhusu pande zote mbili zifundishe, akakataza kuitana wazushi. Ruhusa hiyo ipo hadi leo, dada. Mpigie kaka yako.